Wapangaji Ndani ya Sindano

3 Machi

Mdogo wangu,

Majibu ya maabara kuhusu majani ya miche yangu yametoka. Bwana shamba amesema leo asubuhi: "Sindano za misonobari yako zina kuvu ndani." Nimeanza na hilo, salamu ndizo hizi. Mama hajambo, goti tu. Mimi mzima. Nawe uwe mzima, maana nataka unijibu ukiwa na nguvu.

Siku nilipompeleka Mama kliniki ulibaki peke yako kitaluni. Seremala, jirani wa ng'ambo ya mtaro mwenye kitalu chake, anasema alikuona na pampu mgongoni ukipulizia miche. Nikamwambia labda ni maji. Akacheka: "Maji gani hayo ya kuvalia glavu?"

Ni wewe uliyesema mezani tuuze kiwanja hiki cha kitalu. Kitalu kikifa, sina cha kunishikilia hapa. Sikusingizii, nauliza. Dawa ya kuua kuvu nimeshanunua.

Kaka yako

9 Machi

Kaka,

Shikamoo. Mama alikande goti kwa maji ya moto, asijitutumue. Huku ni mafua tu.

Ni mimi. Nilipulizia kuvu, na glavu nilivaa nisiichafue. Mimi na wenzangu wa utafiti tuliitoa kwenye misonobari mizee yenye afya. Inaishi ndani ya sindano kama mpangaji: mti unaipa chumba na chakula, nayo inalipa kodi kwa sumu inayomdumaza kiwavi. Mti hauumwi. Kiwavi anakula, hanenepi.

Sikukuomba ruhusa kwa sababu ungekataa. Hapo una haki ya kunishuku. Kuhusu kiwanja, nilisema tuuze na bado nasema. Lakini mtu hauzi nyumba kwa kuichoma moto.

Nakuomba usipige dawa. Ukimfukuza mpangaji, viwavi hawatabisha hodi.

Mdogo wako

2 Juni

Kaka,

Shikamoo. Tangu Machi kimya. Mama kwenye simu anasema, "Muulize mwenyewe, mimi si tarishi." Basi nakuuliza: ulipiga dawa? Na kama ulipiga, unanificha nini?

Mdogo wako

14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, kwa barua zote mbili. Mama anatembea bila fimbo na anatugombeza wote sawasawa.

Sikupiga. Usifurahi: sikukuamini, nilitaka ushahidi uive nikushike nao. Mwezi uliopita viwavi wakaja. Wa kwetu wamedumaa kama punje za mchele. Wa seremala wamenona kama vidole, na kitalu chake kimebaki njiti. Sasa anazunguka mtaani akisema tumefuga viwavi tukawatuma kwake. "Yule dada yake nilimwona kwa macho yangu," anasema, na watu wanaitikia. Jana mwenyekiti wa mtaa alileta mwito: tujieleze, la sivyo miche yetu yote ichomwe.

Nimejaribu kueleza. Nikisema "kuvu", watu wanarudi nyuma. Nikisema "mpangaji", wanauliza analipa shilingi ngapi.

Mimi mwenyewe shaka haijanitoka. Hujaniambia kwa nini mtu anayetaka kiwanja kiuzwe ahangaike kukilinda kitalu. Utaniambia tukirudi nyumbani, si pale kikaoni. Pale mbele za watu tutasema ulipulizia kwa ruhusa yangu, na mimi ndiye niliyekushikia pampu.

Kikao ni Jumamosi tarehe 21, saa nne asubuhi, ofisini kwa mwenyekiti. Njoo Ijumaa.

Kaka yako