Maswali Mawili ya Bi Shekha

Jumatatu, 8 Septemba 1986

Sanduku la maswali nimelifungua leo. Barua moja tu. Ya Bi Shekha, mjane anayepika mahamri nyuma ya soko – yule yule ambaye Baraza limemshtaki, ati jiko lake limekaa juu ya bomba la maji machafu. Anauliza mawili. Hao wanaosema wanajua bomba lilipo, wamesomea wapi? Na wakili anayeletwa kutoka Mombasa kila kesi ikiahirishwa, amekwisha lipwa kiasi gani? Hati safi, hakuna tusi hata moja. Ndilo lililomtia homa Karani wetu, Bwana Thuku. Barua ya matusi angeitupa.

Hii lazima aijibu hadharani, Alhamisi ya wiki ijayo. Siku ya maswali aliitangaza Mwenyekiti mwenyewe. Sidhani alitarajia kuulizwa.

Jumanne, 9 Septemba

Amri ya Karani! Kila mtu alete vyeti vyake kufikia Ijumaa. Fundi asiye na cheti ataaga kazi mwisho wa mwezi. Orodha nitaiandika mimi, tarishi. Mimi cheti sina. Nilichosoma nimekisoma kwenye kumbukumbu za vikao, nikingoja chai ya madiwani ichemke. Lakini Karani kasema tarishi si fundi wa kitu chochote, asihesabiwe. Sijapata kudharauliwa nikafurahi hivi.

Ijumaa, 12 Septemba

Jedida wa taipu kaleta vinne, kimoja cha mpira wa wavu. Phineas, mkaguzi wetu mpya, kaleta diploma ndani ya fremu, na msumari wake. Kijana mpole. Mwezi wake wa kwanza hapa aliambiwa achore bomba linapopita, na ramani ya zamani ilikwisha liwa na mchwa. Akaweka rula, sokoni mpaka barabarani. Mstari ukapita jikoni kwa Bi Shekha. Kesi nzima ndiyo hiyo.

Kitsao wa mitaro kaleta kadi ya chanjo ya kipindupindu.

"Ina muhuri," akaniambia.

Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Kweli ina muhuri. Miaka kumi na mmoja anazibua uchafu wa mji huu, na huko kwao Adu kuna watoto watano wanaotazama mkono wake. Nikamuuliza, hasa bomba linapita wapi? Akaniambia kwamba walipofika kwenye ukuta wa bibi walikuta mwamba, wakalipinda, likazunguka kwenye mstafeli wa uani, mbali na jiko. Alililaza yeye mwenyewe. Mbona hukusema? Alisema, mara mbili. Akaambiwa alete ramani.

Jumatano, 17 Septemba

Karani kaisoma orodha. Anataka Kitsao aandikwe bawabu, asiaibike mbele za watu. Si mtu mbaya, Bwana Thuku – ana hofu tu. Nikamwambia bawabu tunaye, na watu wanamjua. Akashusha pumzi, akasema basi iache. Nimeandika: *Kitsao, fundi mitaro, ndiye aliyelaza bomba la sokoni, hana cheti.* Hayo maneno ya katikati hakuyaona. Au aliyaona.

Alhamisi, 18 Septemba. Saa kumi alasiri

Naandika nimekalia mbuzi ya nazi ya Bi Shekha, uani kwake. Viti vimechukuliwa na madiwani.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Swali la wakili lilijibiwa kwanza: kesi ingali mahakamani, gharama hazitajwi. Mtu wa nyuma akataka kujua kama huyo wakili naye ni siri ya serikali. Kisha orodha. Karani aliisoma yote, macho chini, hata mstari ule wa Kitsao. Watu wakaguna. Bi Shekha akasimama, buibui kalishika kwa mkono mmoja.

"Na huyu aliyelilaza, Bwana Karani, mliwahi kumuuliza?"

Mwenyekiti akamwambia Kitsao aeleze. Kitsao alimtazama Phineas kwanza, kama mtu anayeomba njia. Kisha akasema kueleza mbele ya watu hakuwezi, apewe sururu.

Ukumbi mzima ukamfuata mpaka huku.

Sasa shimo limemfika magotini, chini ya mstafeli. Mawe tu. Karani amekwisha sema mara mbili: bomba lisipoonekana kabla ya magharibi, basi kwa Kitsao mwisho wa mwezi ni leo. Bi Shekha anawagawia mahamri wote, hata hao waliomshtaki. Wanakula.

Kitsao amesimama kuvuta pumzi. Hamtazami mtu.

Phineas amevua viatu, amekunja suruali. Ameshuka shimoni.

"Mlililaza kina gani, mzee?"

Kitsao ameweka kiganja kiunoni. Kisha amempa koleo.