Majike Wanaokula Bure

Mboghoni, upande wa Taveta

Kwako Mama,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Werugha? Ukungu umepungua, au bado mnawasha moto mchana? Mimi mwili mzima, ila homa ya huku tambarare hunijia inapojisikia, kama jirani asiyepiga hodi. Mwalimu wa kanisa atakayekusomea namwomba asome polepole, asiruke kitu, hata pale atakapoona haya. Mimi nimeona haya kuandika, kwa hiyo tugawane.

Bado nalisha nguruwe wa Bwana, huyu Mzungu mwenye shamba. Juzi nilitumwa Voi kuuliza habari za pumba, na mwenye duka mmoja aliniwekea chumvi chini niiokote, asije akanigusa. Simlaumu. Hata mimi mwenyewe najinusa nikageuza uso.

Habari yenyewe ni mbaya. Mvua ilipokosekana, pumba za mahindi zilikoma kuja na gari la moshi, na majike wote walikuwa wananyonyesha. Tukawakatia migomba. Mgomba hujaza tumbo, Mama, lakini ni maji matupu. Watoto walivuta maziwa vilevile, na maziwa yakatoka, huku mama zao wakibaki mifupa na ngozi. Mmoja tu, ambaye banda lake liko nyuma ya jiko, alikuwa akitupiwa mabaki na mpishi: viazi, maharagwe, maziwa yaliyochacha. Tulipowaachisha watoto, huyo wa jikoni hata wiki haikuisha, akawa anataka dume, anapiga kelele mpaka mpishi akamrushia mwiko. Wenzake kimya. Mwezi umepita, na mwingine, dume anawazunguka, wao wamelala tu.

Nilimwambia Bwana kwamba dume amechoka. Akacheka.

"Dume hana kosa," akasema. "Jike akinyonyesha na njaa, hutoa nyama yake mwenyewe iwe maziwa. Mwili ukiona hivyo unafunga uzazi. Damu inasahau kumwamsha."

"Na tukiwalisha sasa, Bwana?"

"Wataamka, lakini polepole. Na hicho chakula kiko wapi? Jike mtupu anakula bure."

Akaamuru wachinjwe wote isipokuwa yule wa jikoni, nyama itiwe chumvi.

Niliposikia "anakula bure" niliweka ndoo chini. Ndiyo maneno uliyompa binamu yangu aniletee, kuhusu mke wangu Wakesho: kwamba tangu amzae Nyambu hajashika mimba nyingine, kwamba mimi nilikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kuja huku na hakuna kilichoonekana, kwamba anakula bure, na kwamba atarudishwa kwa baba yake ili ng'ombe wetu warudi.

Mama, usinikasirikie kwa kumtaja mkaza mwanao na nguruwe kwenye karatasi moja. Sina mfano mwingine, na huu nimeuona kwa macho yangu. Kwetu mzazi hufungiwa ndani, majirani wakamletea uji na nyama ya mafuta mpaka ngozi ing'ae. Wakesho alijifungua mwaka wa njaa. Nani alimletea nini? Kitovu cha mtoto hakijaanguka, yeye yuko kondeni anachimba mizizi. Kimanga chetu cha kuponda kikipikwa, sahani yako ilitangulia, yangu ikafuata, naye akakwangua chungu. Kwa makwangu hayo alimnyonyesha Nyambu mpaka mtoto akaota meno yote na mashavu juu. Tulimsifu mtoto. Mama yake hatukumtazama.

Huyo si tasa. Mwili wake umelala kwa njaa. Mpe maziwa, mpe maharagwe, usimpe mzigo mkubwa, halafu umpe muda. Nakuomba kama mtoto anavyoomba.

Nasema mpe, nami sina cha kutuma. Nguruwe wakiisha na kazi yangu imeisha, na Bwana ameshasema atanipeleka kwenye mkonge wa jirani yake mpaka mkataba utimie. Kipande changu cha kazi kiko sandukuni mwake. Nikiondoka bila ruhusa nitafungwa, lau si hivyo ningekuwa njiani sasa hivi, nije nikupigie magoti mwenyewe. Kesho tunaanza kuchinja. Nimewekwa mimi kuwashika, kwa sababu wananijua na hawanikimbii.

Binamu ameniambia wakwe wameshaitwa. Barua hii itapanda mlima na mchukuzi wa kwanza atakayepatikana, na sidhani itawahi. Nimekata tamaa, Mama, na bado naandika.

Nisalimie kaka yangu mkubwa Mwandoe, mwambie asiuache mfereji wa juu ukajaa mchanga. Nisalimie shangazi Mkamburi aliyempokea Nyambu alipozaliwa. Yeye aulizwe Wakesho alikuwa na hali gani siku ile, atasema. Mwalimu, ahsante kwa sauti yako. Nyambu mshike kichwa kwa niaba yangu.

Wakesho simwandikii salamu. Kama bado yuko, amekaa hapo karibu na moto anasikiliza, na ameshayasikia yote. Kama hayuko, zitapokelewa na nani?

Ni mimi mwanao uliyemzaa,
Mwakio