Chukudu ya Archange Imekuwa Ndege

Siku ya posho, 7/12/2024

Leo nimeikata. Na musumeno ya Papa Athanase — mimi Kasika, piloti wa kwanza wa Kingi!

Nimekata chukudu ya kaka yangu Archange, ile baiskeli yake ya mbao ya kubebea muzigo. Imeegemea nyuma ya nyumba tangu alipoenda Walikale kuchimba madini. Miaka miwili, hakuna habari, hata salamu. Mbao yake ya mukaratusi, nzito, mududu hata mumoja hakuingia. Mbao kama hiyo kunyeshewa bure ni zambi. Nafanya nayo ndege, na mabaki ya mbao ya Papa Athanase.

Si ndege ya ovyo. Ile ya foto! Papa Athanase, fundi wa chukudu, iko nayo ku ukuta wa atelye: karatasi ya gazeti ya Kifaransa, imezeeka mpaka imekuwa rangi ya chai. Ndege ya vita ya wazungu, 1943. Idravion. Tumbo yake ni mutumbwi. Inatua ku maji, inalala ku maji, inaamuka ku maji kama bata. Bawa iko juu kabisa, na chini ya kila ncha ya bawa kuko kitu kama bidoni ya kuteka maji, isipinduke. Jina yake Catalina. Nimemuambia Fifi wa jirani niko na mwanamuke mwingine anaitwa hivyo. Alikasirika, sana tu. Vizuri.

Archange njo alinionyesha ile foto. Akasema: "Mudogo, mwenye alifikiri hii kitu alikuwa anaogopa hewa na anaogopa maji. Basi akaamua aogope vyote pamoja, amalize." Tulicheka mpaka Papa Athanase akatufukuza.

Moteri zote nazijua kwa sikio. Antonov. Zile ndege ndogo, Let, zinatua ku barabara kule Kilambo. Helikopta ya ONU. Na ile nyembamba yenye haina muntu ndani. Ila Catalina sijaisikia hata siku moja. Nawaza iko kama wazee wawili wa kifua, wanakohoa pamoja.

Siku ya Mungu, 8/12

Koko Kahambu ametoka kuota jua. Mama ya baba yetu, ametulea sisi wawili tangu mama afe na baba akimbilie Hombo na mwanamuke wake. Muguu yake ya kushoto imekataa kazi, anatembea akishika ukuta. Ameshika ukuta mpaka nyuma ya nyumba. Akaona pako wazi.

"Iko wapi?"

Nikasema: "Koko, nimeipandisha cheo! Ilikuwa ya barabara, sasa ni ya anga."

Hakucheka. Akanieleza kama ananifundisha katekisimu: kitu ya muntu mwenye hajaliliwa, haikatwi. Muntu akilala inje na hatujui, tunaacha jembe yake, tunaacha kitanda yake, tunaacha kila kitu kama ilivyo. Siku tunakata, njo siku tunasema amekufa.

"Umemuzika kaka yako, Kasika. Peke yako. Bila hata kuniita nilie."

Nikasema ni mbao tu.

Akasema: "Basi sikiliza jioni."

Siku ya tatu, 11/12

Kila chukudu iko na kilio yake, mutoto yeyote wa hapa anajua. Ya Archange ilikuwa mbaya kuliko zote. Gurudumu ya mbele alipaka mawese. Ya nyuma alikataa kupaka, makusudi. Ilikuwa inalia kama mbuzi anakanyagwa. Alisema: "Hiyo njo simu ya Koko." Akiwa juu ku mulima, Koko anaisikia, anatia chungu ya foufou, ugali yetu, ku moto.

Leo jioni nimeisikia.

Inashuka. Pole pole, kama imebeba makala ya kupikia. Ikafika ku mikaratusi, ikanyamaza. Nikatoka. Barabara ilikuwa na matope, na matope haikuwa na alama yoyote.

Na gurudumu yenyewe iko ku atelye, imelala sakafuni, pembeni ya ndege yangu!

Upepo. Siogopi. Nimefunga mulango kwa sababu ya mbu.

(Hapa kwetu baridi haiachi mbu.)

Siku ya posho, 14/12

Haya ya leo sitaki hata kuandika. Lakini naandika.

Nimeita watu. Nimetangaza! Catalina itashuka ku etangi, ile bwawa ya samaki ya kwao Fifi. Nikaingia ndani, nikafunga kofia, nikaagana na watu kama naenda Ulaya.

Ikazama. Haikuinama, haikusitasita — ikaenda chini moja kwa moja na mimi nikikaa ndani, mugongo wima. Maji ikafika ku kifua, na kifua ilifikiwa kwa sababu nilikuwa nimekaa. Nikisimama, ni ya magoti.

Fifi akasema: "Piloti, huko chini iko usiku ao mchana?" Na tena: "Mama anasema siwezi kuolewa na muntu anakufa maji ya magoti."

Papa Athanase peke yake hakucheka. Akaweka kidole ku mwanya wa mbao, akatikisa kichwa.

Siku ya pili, 17/12

Tumechemsha gudro, ile lami yenye ilibaki wakati walijenga barabara. Papa Athanase amenionyesha: unasokota kamba ya mugomba, unaipiga na patasi ndani ya mwanya, kisha gudro juu. Nimeungua kidole. Niko na bawa sasa, na bidoni za njano chini ya kila ncha, kama ku foto kabisa. Wapitanjia wanauliza: bawa ya nini, bidoni ya nini? Nawaambia: Catalina bila bidoni ni kuku.

Chini nimefunga magurudumu ya Archange, ipate kutembea. Ile ya nyuma nimepaka mawese mingi, mpaka inadondoka. Ikanyamaza kabisa.

Jioni ikalia tena. Kule ku mulima.

Nilitazama Koko. Alikuwa ametia chungu ku moto.

Siku ya tano, 20/12

Bomu tangu asubuhi, upande wa Nyamitaba. Madeplase, wenye wamekimbia vita, wanapita, kuku ku kichwa, watoto ku mugongo. Kwao Fifi wameondoka, nao wanaenda Hombo. Hakulia. Alisema: "Ukifika Hombo na ile takataka yako, nitakuita piloti mbele ya watu wote."

Nikamuambia Koko tuondoke. Tena na tena. Jibu ni moja: "Archange akikuja akute mulango umefungwa?"

Siwezi kumubeba. Nimejaribu akiwa amelala. Aliamuka, akanipiga kofi.

Noeli

Hakuna misa. Tumekula viazi. Kila mumoja ku pembe yake.

Siku ya ine, 2/1/2025

Bomu imeanguka ku shamba ya kwao Fifi. Etangi haina maji tena, samaki ziko ku miti.

Papa Athanase amekuja na chukudu yake, vyombo vyake vyote juu. Ametoa ile foto ku ukuta, amekunja, amenipa. Akasema: "Ni leo ao basi."

Nikasukuma ndege mpaka ku mulango. Nikapiga magoti mbele ya Koko. Nilikuwa na maneno mazuri, nilikuwa nimeyapanga. Nikasema tu: "Koko, naogopa."

Akanitazama sana. Akashika ukuta, akakuja, akainama, akagusa gurudumu ya nyuma. Akanusa vidole.

"Ulipaka mafuta?"

"Ndiyo, Koko."

"Futa."

Nikafuta na shati yangu. Akasema sugua na majivu pia. Nikasugua mpaka ikakauka kabisa.

"Sasa tuende ikilia," akasema. "Akiwa muzima, atatusikia. Akiwa amekufa, atatusikia pia."

Mulango, Koko hakuniacha niufunge.

Siku ya tano, 3/1

Tunaenda Nyabiondo na Papa Athanase, kisha Walikale, kisha Hombo kama Mungu anapenda. Koko amekaa ndani ya Catalina, sufuria ku magoti, kitambaa ya Noeli ku kichwa. Bibi piloti! Inalia vibaya sana, watu wanaziba masikio. Ku kizuizi, wenye bunduki walicheka mpaka wakasahau kutuomba kitu. Mumoja akauliza: "Hii inaruka?" Nikasema: "Inangoja ruhusa yako, chef."

Nyuma ya hapo nikasikia ile nyembamba, yenye haina muntu ndani. Mimi njo nilisikia wa kwanza, nikapiga kelele. Wote ku mutaro! Koko hawezi kuruka mutaro. Nikabaki, nikashika bawa. Tukasimama katikati ya barabara, sisi wawili, na ndege yetu yenye haiwezi kuruka, chini ya ile yenye inaruka.

Ikapita.

Gurudumu yetu ilikuwa imesimama. Ilikuwa imesimama, niliitazama! Na nyuma yetu, ku kona, kilio ikaendelea kidogo, kisha nayo ikasimama.

"Usigeuke," Koko akasema. "Amechoka. Usimuharakishe."

Siku ya posho, 4/1

Muto Osso. Wametoa mbao za daraja. Mvua imenyesha huko juu, maji iko ya rangi ya udongo na inapiga kelele. Wenye nguvu wanavuka wakishika kamba. Koko hawezi kushika kamba. Nyuma, bunduki zimefika ku vilima vyenye tulipita asubuhi.

Papa Athanase akanitazama. "Piloti. Ile siku, kwa nini ilizama?"

"Haikuwa na gudro. Haikuwa na bidoni."

"Na sasa?"

"Sasa sijui, Papa."

Akaanza kufunga kamba.

Tumetoa magurudumu, zinalemea. Ile ya nyuma Koko amekataa kuiacha. Ameiweka ku magoti, ameikumbatia na mikono yote miwili. Papa Athanase anamalizia fundo, naandika hii nikikaa ku jiwe.

Tumeisukuma mpaka ku maji. Bidoni ya kushoto imeelea. Ya kuume pia. Tumbo yake haijanywa kitu. Ninge­ita Fifi aone!

Koko amesogea mbele kabisa, karibu na pua. Ameacha nafasi nyuma yake. Nikasema: "Koko, kaa katikati. Mimi naogelea, nashika kamba. Hiyo nafasi ni ya nani?"

Koko amegeuza kichwa. Anatazama ku barabara yenye tulikuja nayo. Papa Athanase naye anatazama kule. Inashuka. Inalia, kilio ile ile. Gurudumu iko ku magoti ya Koko, haizunguki.

Sasa imenyamaza, hapa ku ukingo.

Na mutumbwi umeshuka kidogo, ku nyuma, ku ile nafasi yenye haina muntu. Papa Athanase anasema nisukume. Nafunga daftari, nasukuma.