Vidonge Ulivyomgawia Shangazi

Morogoro mjini,
Jumapili baada ya misa.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na baba na mbuzi wako, maana nisipowataja utasema mjini nimejifunza kuringa. Sisi hatujambo. Mkweo Benedikto anakuamkia. Njegere ulizompa Mwinjuma wa lori zilifika salama, majirani wamekula, nami nimesifiwa kwa kilimo nisichokilima.

Najua umeshangaa kupata barua badala ya simu. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa, na kila anayepita kwenda gulioni husimama kunisalimu. Haya ya leo ni yako peke yako. Yasome ukiwa umekaa.

Kaka Innocent ameniambia kuhusu zile dawa ulizopewa hapa mjini, kipimo cha damu kilipoonyesha una ugonjwa wa kutupa mimba, huu tunaoambukizwa na mbuzi. Anasema ulizinywa mpaka homa ilipokuacha, kisha vidonge vilivyobaki ukamgawia shangazi Felista kwa kuwa naye alikuwa anatetemeka. Nilicheka, halafu nikalia. Wewe hata ugonjwa unataka ule na wenzako sahani moja. Njegere gawa, mama, lakini vidonge hapana, kwa sababu sasa sidhani kama kuna aliyepona kati yenu.

Nikueleze ninavyofahamu. Kijidudu kinachokusumbua ndicho tunachokichunguza maabara, mimi na mkubwa wangu, Dokta Mansuri. Kikiingia mwilini, askari wa damu hukimeza wakidhani wamekimaliza, kumbe chenyewe kinaishi humo humo ndani ya askari. Kikibanwa, ngozi yake ya nje huvimba, ikameguka vijifuko vidogo vya mviringo vinavyoelea na kwenda zao. Kwenye picha nilizoonyeshwa vinafanana na povu la maziwa wakati unakamua. Ndani ya vijifuko hivyo kimefungasha vitu vyake, vingine vya kuwapumbaza askari. Nilimuuliza Dokta Mansuri vinakisaidiaje. Akajibu kwamba bado tunatafuta, ila inaelekea walinzi wa mwili huhangaika na vijifuko huku kijidudu chenyewe kimetulia mafichoni. Kwa hiyo homa ikiondoka, mama, usidhani na mgeni ameondoka. Dawa lazima imfuate huko ndani taratibu, wiki sita nzima, hata kama unajisikia una nguvu za kupanda na kushuka milima yote ya Mgeta.

Na maziwa uchemshe. Najua kwako kuyachemsha ni kumvunjia mbuzi heshima. Atasamehe. Bwana mifugo naye aje awapime mbuzi wote, na akisema mmoja aondoke, usimfiche jikoni.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Krismasi iliyopita, yule mbuzi mweupe alipotupa mimba, tuliinama wote wawili, nikamvuta mtoto mfu kwa mikono mitupu kama ulivyonizoesha tangu udogo. Sikuwa nimekuambia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa mjamzito. Nilitaka kwanza mimba ishike. Mwezi wa pili ikatoka, na waliponipima damu wakakuta ugonjwa huu huu. Zile siku nilizokuwa nakutumia picha za kuchekesha, nilikuwa nimelala, Benedikto ananilisha uji. Ndiyo maana baadaye nilikung'ang'ania ushuke upimwe.

Nilinyamaza kwa kuwa nakujua. Ungesema mikono yako ndiyo iliyomuua mjukuu wako. Sivyo, mama. Wewe hukujua, na mimi niliyesomea mambo haya sikufikiria hata kuvaa glavu, kwa sababu nilikuwa nyumbani, na nyumbani mtu hadhani kuna la kuogopa.

Kuna na wale wawili uliowapoteza tumboni kabla ya Innocent. Nilikuwa mdogo nilipomsikia bibi akisema uliingia na mkosi katika ukoo, nawe ukaendelea kupepeta mahindi kama hukusikia. Siwezi kuapa ulikuwa ugonjwa huu, hakuna kipimo cha kurudi nyuma hivyo. Ila mbuzi walikuwepo uani hata wakati ule, na maziwa mlikunywa mabichi. Mkosi mimi sikubali. Umeubeba miaka yote hii bila kumwambia mtu. Utue, mama.

La mwisho ni la furaha. Nilimaliza dozi yangu yote, nikapimwa, na daktari akaridhika. Sasa nina mimba ya miezi minne na inacheza. Nikijifungua sitaki mwingine wa kunikanda maji ya moto. Nakutaka wewe, ukiwa mzima. Jumatano panda lori la Mwinjuma pamoja na shangazi. Yeye atapimwa apewe vyake, nawe daktari atakuanzishia upya. Vyako umeze mwenyewe mpaka cha mwisho.

Msalimie baba, na Innocent na watoto wake. Mwambie shangazi sina kinyongo naye. Mungu awalinde huko mlimani.

Mtoto huyu akizaliwa, mama, mikono ya kwanza nitakayomkabidhi ni yako.

Mwanao akupendaye,
Prisca