Karatasi ya Majina ya Mama

Tecuci, 29 Agosti

Mpendwa mdogo wangu Ilarie,

Pokea salamu zangu mimi dada yako Varvara, ambaye pengine hukutarajia kuuona tena mwandiko wake. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya. Najua kila barua huanza hivyo na hakuna anayeyasoma maneno hayo mara mbili. Nakuomba wewe uyasome mara mbili, kwa sababu safari hii sikuyaandika kwa mazoea, na mbele utaona kwa nini.

Sisi hapa hatujambo kiasi chetu. Mama ametimiza miaka themanini na mmoja. Masikio yake bado makali, hasa kwa yasiyomhusu, ila miguu imegoma na sasa mwisho wake ni kibaraza. Nyanya zimezaa mwaka huu mpaka majirani wakiniona na ndoo wanafunga mlango. Mimi nimestaafu kupika pale shuleni, na magoti yananikumbusha kila sufuria niliyoinua.

Utajiuliza nimeipata wapi anwani yako. Nitakuambia, lakini kwa mpangilio wake, maana nikianzia mwishoni nitaichana karatasi hii kama nilivyozichana mbili za jana. Tangu siku ile ya simu, miaka sita iliyopita, ulipopiga kutoka Hispania nami nikakuambia kwamba mtu asiyekuja kumzika baba yake asijisumbue kupiga tena, kweli hukupiga. Mama hajui maneno yale. Anadhani ulinyamaza mwenyewe, na mimi nimemwacha adhani hivyo. Hiyo ni aibu ya kwanza, nayo ni ndogo kuliko ninayokuja kukueleza.

Mwanzoni mwa mwezi huu Chiva, jirani yetu, yule aliyekufundisha baiskeli na kukupaka dawa ya magoti, alikuja akaniambia kwamba tumezeeka bila kuiona Bukovina kule kaskazini, na makanisa yake yaliyochorwa kuta nje na ndani, na kwamba ni aibu watu kutoka Ufaransa wayajue makanisa yetu kuliko sisi. Nikamwambia sina pesa ya utalii. Akasema nani kataja utalii, tutakwenda kwa treni ile ya pole pole ambayo wastaafu hulipa nusu, tutalala kwa watawa, na chakula tutabeba. Nilishangaa, kwa sababu Chiva hata Galați hapa karibu huenda kwa kusukumwa. Lakini nilikubali.

Asubuhi ya kuondoka Mama aliniita jikoni akanipa karatasi ya majina. Miaka yote aliipeleka mwenyewe kwa watawa wa Pârâul Sec, isomwe madhabahuni siku arobaini. Mwaka huu miguu ilikataa. Ilikuwa karatasi ya daftari, mstari katikati, walio hai kulia, wafu kushoto, imekunjwa mara nne. Akaniambia niiweke kifuani, siyo kwenye mkoba. Mimi nikaiweka kwenye mkoba.

Safari yenyewe ungecheka. Zilikuwa siku za mfungo wa Bikira, ambapo nyama na mayai haviliwi, na Chiva alikuwa amebeba mayai kumi na mawili ya kuchemsha. Nilipomkumbusha akanijibu kwamba kuku wake hawakuambiwa kama ni mfungo, na kwamba msafiri ana ruhusa. Ruhusa ya nani, hakusema. Kutoka Gura Humorului, treni ilipotuacha, tuliomba lifti kwenye gari la magodoro, tukakaa nyuma juu ya bidhaa kama mabibi harusi. Dereva alitaka tuchangie mafuta. Chiva akamuuliza kama hana mama. Akasema anaye. Chiva akamwambia, “Basi fikiria ndiye huyu hapa, mwanangu, na mama halipi.” Tulishushwa bure, na mitungi ya maji tukajaziwa.

Tuliyaona makanisa matatu kwa siku mbili. Kwenye ukuta mmoja, palipochorwa Siku ya Hukumu, Chiva alisimama nusu saa akiwatafuta watu wa mtaani kwetu kati ya wale wanaokokotwa motoni. Alimpata mkuu wetu wa zamani wa shule, masharubu na kila kitu, akafurahi sana. Nilicheka mpaka watawa wakanigeukia. Nakuandikia haya ujue kwamba sikuwa na moyo mzito siku zile wala sikuwa mgonjwa. Sina pa kujificha.

Siku ya tatu tulifika Pârâul Sec. Tulipofungua mikoba langoni tukakuta chupa ya Chiva ya rojo la nyanya na kitunguu saumu, niliyombebea, imevuja kwenye wangu. Karatasi ya Mama ilikuwa imelowa. Juu kabisa palikuwa pekundu tupu, hapasomeki kitu, na chini yake jina la kwanza lililosalimika lilikuwa lako. Ilarie. Kwa herufi zake zile kubwa, amelikandamiza mpaka kalamu imetoboa. Kisha watoto wa binamu, kisha daktari wake, kisha jirani Chiva, kisha hata yule fundi aliyetengeneza bomba msimu wa baridi. Nikashuka mpaka mwisho, nikapanda tena. Mimi sikuwemo.

Ilarie, miaka sita mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayemkata kucha, ninayemsomea gazeti, ninayeamka akikohoa. Kila jioni ananiuliza kama simu imelia. Nimekuwa nikimeza hayo nikidhani yameshuka, kumbe yalikuwa yamekaa kooni. Nilisimama pale langoni na karatasi inayonuka kitunguu saumu, nikasoma jina la fundi bomba.

Kwenye kibanda cha mishumaa hapo langoni walikuwa na karatasi safi, zimekwishapigwa mistari, msalaba mwekundu juu ya walio hai na mweusi juu ya wafu. Nikachukua moja nikaketi kunakili. Niliwaandika wote walio hai, fundi naye. Wewe nilikuruka. Kisha nikahamia upande wa msalaba mweusi, na kabla ya babu, kabla ya baba yetu, nikaandika Ilarie.

Nimejaribu kujiambia kwamba mkono uliteleza. Haukuteleza. Niliandika taratibu, nikapuliza wino ukauke. Wewe na mimi tumelelewa nyumba moja, unajua kwetu linavyohesabiwa jambo hilo: kumwandika mtu aliye hai upande ule ni kumwita aende huko. Bibi alikuwa akitupiga vidole tukichezea karatasi zake. Nilijua, na niliandika.

Aliyepokea alikuwa mtawa mzee, Mama Eftimia, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akapitisha kidole kwenye majina, akauliza kama kati ya wafu yupo ambaye hajatimiza mwaka tangu afariki, kwa sababu hao husomwa kwa namna yao. Ningeweza kusema hapana, ikaishia hapo. Mdomo wangu ukasema yupo, Ilarie, mdogo wangu, alianguka kutoka jukwaa la ujenzi huko Hispania wakati wa masika. Mtawa akanishika mkono akaniambia pole, mwanangu, Mungu amlaze mahali pa mwanga. Nami nikainamisha kichwa nikapokea pole. Chiva alikuwa nyuma yangu, akasikia kila neno.

Unamjua Chiva. Mdomo wake haujawahi kupumzika tangu Ubatizo. Safari hii mkono wake ndio uliojibu. Alinunua mshumaa mmoja, akaenda kwenye yale masanduku mawili ya mchanga nje ya kanisa, la walio hai na la wafu, akauchomeka upande wa walio hai. Mimi, na hapa ndipo uso unaniwaka hata sasa nikiwa peke yangu, nikamfuata nikamwambia amekosea upande. Nilikuwa nimekwishaanza kuuamini uongo wangu, au nilitaka yeye auamini. Akanitazama akasema, “Mimi sijakosea, Varvara.”

Usiku ule tulilala chumba kimoja, kila mmoja amegeukia ukuta wake. Kesho yake treni ya kurudi ilikuwa imepita Bacău ndipo alipofungua mkoba, akatoa kadi yako. Akaniambia ulimwandikia Pasaka hii, kwamba unauza mikate Zaragoza, kwamba ulimuuliza mambo mawili tu: Mama yu hali gani, na kama dada bado ana hasira. Ulimwomba asiseme kitu mpaka aone kama zimepoa. “Mimi na utalii wapi na wapi?” akasema. “Nilikutoa nyumbani nikuchekeshe kidogo, nipate pa kukuambia. Siku tatu natafuta nafasi. Wewe ukamuua mbele yangu.” Hakupandisha sauti. Alinakili anwani nyuma ya tiketi, akanipa, akageukia dirisha mpaka Tecuci.

Nilitaka kumwambia kwamba Mama hakuniandika, lakini nilipolisema moyoni lilikuwa jambo la mtoto wa miaka saba, nami nina miaka hamsini na tisa.

Nyumbani Mama alikuwa kibarazani akimenya maharage. Kabla sijavua viatu akaniuliza kama nimeikabidhi karatasi. Nikasema nimeikabidhi. Akauliza nani alikuwa wa kwanza. Nikasema Ilarie, na huo haukuwa uongo, ndiyo maana jibu lilinitoka kirahisi. Mama akaacha maharage. “Wa kwanza Ilarie? Ina maana wewe hukujiandika?” Nikamuuliza nijiandike vipi. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya kumwelekeza mjinga, kwamba anayeibeba karatasi hujiandika mwenyewe pale langoni, kwa mkono wake, ndivyo alivyofanya yeye na mama yake kabla yake. “Nilikuachia mstari wa juu kabisa, juu ya Ilarie. Hukuuona?” Akaendelea kumenya, akinung'unika kwamba mtoto unamtuma mara moja tu na hiyo mara moja anaharibu.

Mstari wa juu ndio ulioliwa na nyanya. Niliingia chooni nikafungulia maji asinisikie.

Leo ni siku ya kumi na tisa. Kila asubuhi, Mama akinywa chai yake na kusema sasa hivi wanamsomea Ilarie, wanakusomea kweli, pamoja na baba na babu, na wale wa karibuni. Mimi namwongezea sukari. Simu ikilia nakimbia kabla hajasikia, nikiogopa ni mtu wa Hispania. Kwa muda mrefu nilikuwa naogopa kwamba hutapiga, sasa naogopa atakayepiga kwa niaba yako.

Jumamosi nakwenda Pârâul Sec peke yangu, na nimekwishamwambia Chiva ashinde na Mama. Amekubali, ingawa bado ananisalimia kupitia uzio kama karani wa benki. Nitamwambia Mama Eftimia kwamba sina mdogo aliyeanguka, kwamba nina mdogo anayeuza mikate, na aliyemsukuma ni mimi. Sijui watawa hufanya nini na mtu kama mimi. Chochote watakachonipa nitafanya.

Lakini kwa Mama siwezi peke yangu. Nitamwambia lile la simu, kwamba si wewe uliyenyamaza bali ni mimi niliyekunyamazisha. Hilo nitalisema kabla ya barua hii kukufikia, nimejiapiza. La karatasi nakuachia wewe uamue kama alisikie. Ukitaka alisikie, nitalisema mbele yako, ukiwa umekaa pale mezani. Ukisema tulizike, nitalizika, na nitaendelea kulibeba.

Siombi unisamehe kwa barua hii. Niliyekukataza ni mimi, niliyekuandika ni mimi, na ulipouliza kama bado nina hasira, hilo ndilo jibu ulilopata. Sina tena hasira. Nina woga na aibu, na usiku kucha natamani kusikia ukinizomea kama ulivyokuwa ukifanya nilipokunyima baiskeli.

Mama hakusalimu, kwa sababu hajui kama nakuandikia. Chiva anakusalimu sana. Nisalimie wote wanaokutunza huko, nami nakutakia uzima, Ilarie, uzima na siku nyingi, nyingi kuliko zangu. Nijibu hata mstari mmoja. Kama huna neno jema la kuniambia, nitukane, mradi uwe mwandiko wako.

Ni mimi dada yako,
Varvara