Mwende na Ganzi

Jumanne jioni

Damu imeacha kutoka, namshukuru Mungu. Ukungu umefunika Kikima yote, na humu chumbani ni kama tuko ndani ya wingu, mimi na Mwende.

Daktari alimng'oa gego asubuhi. Akaniambia nimchunge asitafune mdomo kabla ganzi haijaisha, na nisimpe kitu moto. Tulipofika nyumbani tu, nyanyake akaleta uji unaotoa moshi.

"Mama, tungoje upoe kwanza," nikamwambia.

"Mimi nimelea watoto saba," akasema, akatoka.

Hiyo iliniuma. Najua alichonyamazia, kwamba huyu mtoto si wangu. Ni kweli. Mama yake alifariki, na tangu niolewe na baba yake mwaka jana, Mwende ananiita anti, ile siku anaamua kuniita.

Mchana alilala kifuani mwangu na pamba yake mdomoni. Nilikuwa nasinzia na kuamka, naangalia midomo yake, nasinzia tena. Sijui masaa yalienda wapi.

Halafu akafungua macho kidogo. "Ma..." akasema. Ulimi ulikuwa bado mzito.

Nikamletea maji. Akasukuma kikombe.

"Si maji unataka?"

Akatikisa kichwa. Akashika mkono wangu, akauweka kwa shavu lake lililovimba, akarudia polepole, "Ma... ma." Kisha akalala.

Labda kesho nitakuwa anti tena. Leo niliweka kikombe chini, nikakaa hapo bila kusonga mpaka mkono ukachoka.