Miche Iliyokauka Imesimama

Ngaramtoni, Arusha
12 Februari 2025

Kaka yangu Gadiel,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima huko Kigoma, na ile homa uliyomweleza mama yetu, Yeyo, imeshakuacha. Sisi huku tunapumua. Mguu unamsumbua Yeyo asubuhi, ila kanisani anakwenda mwenyewe na hataki kushikwa mkono. Mwanangu Oscar ameingia kidato cha kwanza, anakuamkia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu. Kila ukipokea unaniuliza habari za mvua, nami nakujibu habari za mvua.

Vuli haikuja. Masika ya mwaka jana yalishuka yote ndani ya wiki mbili, yakabeba udongo wa shamba la chini hadi barabarani, kisha likawa jua tu. Maji ya mfereji tunapata siku mbili kwa wiki. Mahindi hayakubeba, tukayakata kuwa majani ya ng'ombe. Kwa hiyo watu bado wanagombea vipande vya juu, kwenye shamba la miti la serikali, ambako ardhi inabaki na unyevu.

Najua shamba lile likitajwa moyo unakuchoma. Ulipotugawia vile vipande, ukiwa bwana misitu wetu, ulisimama mkutanoni ukasema tulime viazi na maharage katikati ya miche kwa miaka mitatu, tuipalilie, na ikianza kuleta kivuli tutoke. Ulisema hali ya hewa imebadilika, na miche ile ya mierezi kando ya kijito ndiyo itakayoturudishia maji. Watu walikupigia makofi. Wakaja na wageni kutoka mjini wamevaa kofia mpya, kila mmoja akapanda mche mmoja akapigwa picha. Wengine walifukia mche pamoja na kiriba chake cha plastiki. Hiyo nayo ilikauka, na hakuna aliyeulizwa.

Yetu ilipokauka, uliulizwa wewe. Mara ya kwanza uliandika kwamba ni ukame, ikapandwa upya. Mara ya pili alikuja mkaguzi, aling'oa miche sita, akakuonyesha mizizi iliyokatwa kwa kisu. Uliushika mmoja, ukaugeuza, ukaulaza chini taratibu. Akasema iliyokatwa iko kwenye vipande viwili, cha jirani yetu Kasaine na cha dada yako. Ukamjibu kwamba mimi nimekulia mikononi mwako, na kama ni Naisula, basi wakufukuze kazi wewe kwanza.

Akabaki Kasaine. Aliwahi kusema kilabuni kwamba hatoki kule mpaka atolewe, na hayo yakatosha. Kamati ya mazingira ikamnyang'anya kipande viazi vikiwa kwenye maua. Wewe ukapewa barua ya onyo na uhamisho.

Yaliyofuata huyajui yote. Kasaine alijua si yeye, akaamua kuwa ni mkewe. Nanyori aliapa mbele ya mchungaji, mumewe hakumwamini. Akarudi kwa wazazi wake Monduli na mtoto mgongoni. Kasaine sasa anachunga ng'ombe wa mtu kule Kisongo.

Kaka, ni mimi.

Miche ilikuwa imenifika magotini, nami nilijua kwamba ikifa mtapanda upya, na miaka itaanza kuhesabiwa upya. Baba Oscar alikuwa machimboni Mererani, hatumi kitu. Nyumbani hakukuwa na kingine cha kupika ila viazi vya pale juu. Nilichukua kisu cha kumenyea, nikafukua kidogo pembeni ya kila mche, nikakata mzizi mkuu, nikarudisha udongo na kuukanyaga. Mti unakauka umesimama, kila mtu anasema jua. Mlipopanda tena, nikarudia.

Nilianza na kwangu. Halafu nikaona kikikauka changu peke yake nitajulikana. Nikavuka mpaka, nikakata safu nane kwa Kasaine, asubuhi ambayo yeye na mkewe walikuwa wamekwenda msibani. Kwenye kipande changu nilipelekwa na njaa. Kwa Kasaine sikupelekwa na njaa. Siku ulipoapa kwa jina langu nilikuwa hatua tatu nyuma yako, na nilinyamaza.

Mwezi uliopita kamati ilinichagua kuwa mjumbe. Walisema dada wa bwana misitu ni mwaminifu, atatusaidia kukagua mizizi ya wenzake. Nilikagua siku moja. Mama mmoja alianza kuniapia kabla sijagusa udongo.

Nikashuka mnadani Kisongo, nikamweleza Kasaine. Hakunitukana. Aliniuliza kama Nanyori ameshajua. Nikasema bado. Akasema, "Basi umekosea njia," akawafuata ng'ombe wake.

Nikaenda Monduli. Nanyori alikuwa anapukuchua mahindi uani, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Kisha akamwita mdogo wake aniletee chai, akasema mgeni haondoki na kiu, ila nikimaliza niende. Nilikunywa yote. Ilikuwa ya moto sana na sikuthubutu kuipuliza.

Jumamosi nilisema yote mbele ya kamati. Wamechukua kipande changu, na kesi itapelekwa mbele. Yeyo alikuwepo. Tangu siku hiyo ananipakulia chakula, hasemi nami.

Ndani ya bahasha hii kuna maelezo yangu, yana sahihi yangu na ya mwenyekiti. Wapelekee wakubwa wako, wafute lile onyo. Sikuombi unisamehe kwa barua hii, na ukikaa bila kujibu nitaelewa. Ila maelezo yapeleke, kaka, hata kama mkono utakuwa mzito kumwandika dada yako.

Oscar na wadogo zake wanakusalimu. Wao bado hawajui kwa nini hatuendi tena juu. Mungu akulinde huko ugenini nilikokupeleka.

Ni mimi mdogo wako,
Naisula